Malwa ni bia, si mvinyo
Je, malwa, pombe ya ulezi ya Uganda, ni bia kweli? Ndiyo, ni bia halisi, kwa sababu kinachotofautisha bia na mvinyo si rangi wala ukali bali chanzo cha sukari: katika bia, wanga wa nafaka hugeuzwa sukari kwa kimea, na ndivyo hasa wafanyavyo wapishi wa Teso, mashariki mwa Uganda, ambao hukaanga unga wa ulezi uliochachishwa, wakauanika, kisha wakauchanganya na kimea cha ulezi na maji. Kukosa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, si hoja, kwani hata Ulaya ilikunywa bia isiyo na hopsi kwa karne nyingi. Nimekulia kando ya chungu cha malwa, nikitumwa kuongeza maji ya moto huku wazee wakishika mirija yao mirefu. Yenye utata ni tonto, pombe ya ndizi ya Uganda, kwa kuwa sukari yake hutoka kwenye ndizi mbivu, ingawa nayo hutiwa mtama uliokaangwa.