Mteja akisema "nzuri ila siyo gari yangu", usikimbilie rangi

Mkuu umeuliza inakuwaje unakesha siku tatu unapaka rangi mchoro wa Volkswagen Beetle ya mteja mpaka inang'aa kama imetoka kuoshwa sasa hivi, halafu jamaa anaiangalia anakwambia "nzuri, ila siyo yangu". Mimi nachorea watu magari huu mwaka wa saba hapa Dar, nilianza na penseli na karatasi za manila Magomeni, siku hizi natumia tableti, na hayo maneno nimeshaambiwa, tena na mzee mbele ya wanae.

Ilikuwa Land Rover 109, mzee ameiweka gereji moja Keko, watoto wakataka wamfanyie sapraizi ya picha ya ukutani. Sasa mimi badala ya kupanda daladala niende Keko nikaiangalie, uvivu tu, nikaingia mtandaoni nikapata 109 imepigwa picha safi kabisa nikachora hiyo, nikabadilisha rangi iwe kijani kama yake, nikajiona fundi. Siku ya kukabidhi mzee kavaa miwani, kaangalia weee, kaniuliza, "Kijana wangu, taa zangu umezihamishia wapi?" Kumbe 109 za zamani taa zinakaa katikati pale kwenye grili, mwishoni mwa miaka ya 60 ndo zikaanza kuhamia pembeni kwenye madigadi, na Series III, yaani toleo la tatu lililoanza 1971, taa zake ziko pembeni. Ya mzee ni Series III, mimi nimemchorea ile ya zamani, gari ya mtu mwingine wa Uingereza huko. Nilirudia kazi nzima bure na nauli juu.

Kwa hiyo kwanza kabisa nenda ukaione gari. Na ukifika usiisogelee, hapo ndo wengi wanapopotea, kamera ya simu kwa kawaida inachukua eneo pana sana, ukisimama hatua mbili tatu bampa la mbele linavimba na tairi ya nyuma inakuwa kama ya baiskeli, halafu na wewe unaenda kuchora huohuo uvimbe kwa uaminifu wote. Rudi nyuma hatua kumi na tano hivi, vuta zumu, shusha simu iwe usawa wa kitasa cha mlango. Kama gari iko kichochoro cha Kariakoo mwambie aitoe Jumapili asubuhi kabla barabara haijachangamka. Ukimaliza piga picha za karibu za vitu vyake yeye: keria, kibonyeo, wilikapu moja iliyopotea, stika kwenye kioo, namba kama bado ana ile ya zamani ya TZ. Mteja anaanza kujitafutia hapo, siyo kwenye mng'ao.

Pili tairi. Mimi kabla sijachora bodi nachora tairi mbili na mstari wa chini basi, kwa sababu ukikosea umbali kati ya tairi ya mbele na ya nyuma hakuna rangi itakayokuokoa. Kipimo changu ni tairi yenyewe. Hiyo 109 jina lake ndo umbali wenyewe, inchi 109 ekseli mpaka ekseli, na tairi yake ya saizi 7.50-16 ina kimo cha kama inchi 32, maana yake kutoka katikati ya tairi moja mpaka katikati ya nyingine zinaingia tairi tatu na kidogo karibu nusu. Na kama gari umeichora kwa pembe, tairi siyo duara tena, ni yai, na ule upana mfupi wa yai lazima ulale sambamba na ekseli. Wengi wanalisimamisha yai wima tu, gari inaonekana kama imekatika boljointi.

Vijana wa Toyota Mark II wanaotaka kuona kwenye mchoro gari ikiwa imeshushwa chini na rimu mpya kabla hawajatoa hela nao wana mtego wao. Akikwambia anatoka rimu 15 anaenda 17, usikuze tairi nzima! Tairi ya saizi 195/65 ya rimu 15 na ya 225/45 ya rimu 17 zote zina kimo cha milimita 634 hivi, kinachokua ni rimu, mpira unakuwa mwembamba. Ukikuza vyote unamuuzia ndoto ambayo fundi wake hawezi kuifunga.

Mng'ao sasa, mi naufanya mwisho na haunichukui hata nusu siku. Kromu haina rangi yake, juu inabeba mbingu, katikati mstari wa giza, chini inabeba ardhi, kama gari imesimama kwenye mchanga basi tumbo la bampa liwe la mchanga. Kuna wale Wamarekani wawili, Art Fitzpatrick na Van Kaufman, walichora matangazo ya magari ya Pontiac kuanzia 1959, mmoja gari, mwenzake watu na mandhari, na gari walikuwa wanazitanua makusudi zionekane pana. Zinavutia balaa. Ila wale walikuwa wanamuuzia mtu gari ambayo hajawahi kuimiliki, wewe unamchorea mtu anayeijua yake mpaka mlio wa mlango.

Hela: nusu mbele, nusu akiona, na marekebisho mawili bure, la tatu analipia. Kama ataprinti A3 anza na pikseli 3508 kwa 4961, usije ukakuza kapicha kadogo dakika za mwisho, na printi jaribio kipande kidogo maana ile bluu kali ya kwenye skrini ikitoka kwenye karatasi inapoa.

Hiyo Beetle yako usiifute bado. Ekseli mpaka ekseli ni milimita 2400 na tairi yake kimo ni kama 640, kwa hiyo zinatakiwa ziingie tairi tatu na robo tatu. Pima kwenye mchoro wako halafu nijibu umepata ngapi, mi nahisi umepata tatu.