Mkazi wa mji kwa Kiebrania: si kubandika -i tu

Mleta uzi ameuliza kama inatosha kuweka -i mwishoni mwa jina la mji ili kumpata mkazi wake. Kwa miji mingi inatosha. Mtu wa Ashdod ni ashdodi, mwanamke ashdodit, wengi wao ashdodim, na wakiwa wanawake watupu ni ashdodiyot. Ni ndugu ya ile -i ya Kiarabu iliyoko kwenye Baghdadi, mtu wa Baghdad.

Kazi inaanzia kwenye majina yanayoishia na -a. Gaza kwa Kiebrania ni Azza, na mtu wake ni azzati. Wa Netanya ni netanyati. Hapo inajitokeza t ya kike, yaani alama ya jinsia ya kike iliyokuwa imejificha kwenye hiyo -a. Sasa ukidhani umepata kanuni, Haifa inakuharibia: ni heifa'i, a na i zikitamkwa mbalimbali, wala hakuna t. Beer Sheva nayo ni beer shva'i. Timna ya kale iliitupa -a yenyewe, ndiyo maana baba mkwe wa Samsoni ni timni. Hizi zikariri mji kwa mji, hakuna njia ya mkato.

Majina ya -o ya kale huongeza n: Shilo, shiloni, Gilo, giloni. Ndiyo asili ya Ahiya Mshiloni na Ahithofeli Mgiloni kwenye Biblia yetu. Mwisho wa -ayim huanguka: Yerushalayim, yerushalmi. Lakini Givatayim, mji wa karne ya 20, haudondoshi kitu: givatayimi. Majina mapya hayapendi kukatwakatwa.

Wengi hujikwaa kwenye majina ya maneno mawili. Kiambishi hukaa kwenye neno la pili tu, hata kwenye wingi: tel avivi, tel avivim. Ukitaka kusema "yule wa Tel Aviv", ha- ya kubainisha siku hizi hutangulia yote: ha-tel avivi. Kwenye 1 Samweli 16 imekaa katikati, tena irabu zimebadilika: Yese ni beit ha-lahmi, kutoka Beit Lehem. "Mbethlehemi" ya Kiswahili haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa mwanamke usichanganye -it na -iya. Ruthu ni moaviya kwa sababu Moabu ni taifa. Hata leo Mrusi mwanamke ni rusiya, na rusit ni lugha yake. Mji hubaki na -it: Abishagi wa Shunemu ni shunamit.

Na mtu wa Nazareti wa leo usimwite notsri, maana siku hizi neno hilo ni "Mkristo", sema natsrati. Kuhusu mkazo, kamusi itakuwekea mwishoni, tel aviVI, ila mtaani utasikia tel aVIvi.