Asilimia mbili ya nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza dagaa Kirumba, Mwanza. Nilikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12 kwenye kampuni ya mikopo, riba asilimia 2 kwa mwezi. Shoga yangu wa meza ya pili alikopa kiasi hichohicho, muda huohuo, asilimia 2 hiyohiyo, ila yeye kakopa Saccos. Mimi narejesha 124,000 kila mwezi. Yeye alianza na 124,000, ukafuata 122,000, sasa yuko 116,000. Afisa mikopo wangu anasema sijaibiwa. Sasa riba ni kitu gani? Pia nimeshalipa marejesho matano. Giza hili, yaani siku zisizo na mbalamwezi wavuvi wanapovua dagaa, likinipa vizuri nataka nimalize deni lote. Nitaokoa chochote?
*Mama Dagaa, Mwanza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Afisa wako hajakudanganya, ila sentensi kaiachia njiani. Riba ni bei unayolipa kwa kukaa na fedha ya mwenzio. Ukitajiwa asilimia, uliza hapohapo: asilimia ya nini?

Yako ni ya mkopo wote wa mwanzo. Asilimia 2 ya 1,200,000 ni 24,000, basi kila mwezi unatoa 100,000 ya deni na 24,000 ya riba, mpaka mwisho. Maofisini wanaiita riba ya flati. Ya shoga yako ni ya salio linalopungua: mwezi wa kwanza 24,000, wa pili deni limebaki 1,100,000 kwa hiyo riba ni 22,000, hivyo hivyo hadi 2,000 ya mwisho. Jumla yake 156,000. Yako 288,000. Mmepishana 132,000, na mkataba wa kila mmoja umeandikwa asilimia 2.

Utazame mwezi wako wa 12. Deni lililobaki mkononi mwako ni 100,000 tu, lakini riba bado ni 24,000. Ukipiga hesabu ya mkopo wako mzima kwa mtindo wa salio linalopungua, utakuta riba yako inakaribia asilimia 3.5 kwa mwezi. Nilikaa meza ya mikopo ya Saccos ya walimu miaka mingi, na waliokuwa wakija kuulizia tofauti hii kabla ya kusaini walikuwa wachache mno. Wengi waliuliza fedha inatoka lini.

Si kwamba flati ni haramu kibiashara. Wapo wanaoipenda kwa kuwa rejesho halibadiliki, unajua moja kwa moja utenge kiasi gani hata mbalamwezi inapowazuia wavuvi wa dagaa kuingia ziwani. Ninachokikataa ni kuwekwa kando ya riba ya Saccos kana kwamba ni bei moja. Na kama walikukata ada ya fomu au bima kabla hujapewa fedha, mkopo wako ni ghali kuliko hata hesabu yangu, maana riba unailipia mpaka ile shilingi ambayo hukuishika.

Sasa hiyo habari ya kumaliza mapema. Usiende na fedha kwanza. Nenda kaombe barua inayoonyesha kiasi cha kumaliza mkopo leo, na usome kifungu cha kulipa kabla ya muda kwenye mkataba wako. Umebakiwa na deni la 700,000. Marejesho saba yaliyobaki ni 868,000. Barua ikija na 868,000, maana yake riba ya miezi ambayo hujaifikia wanaidai yote. Usilipe, nunua dagaa uzungushe, endelea na 124,000 zako. Ikija na 700,000, au na kiada kidogo juu yake, lipa siku hiyohiyo na usitoke ofisini bila stakabadhi na hati ya dhamana uliyoweka. Ikiangukia katikati, toa kiasi hicho kwenye 868,000, kisha ujiulize kama hiyo tofauti inazidi faida ambayo dagaa wangekuletea kwa fedha hiyohiyo ndani ya miezi saba.