Maswali ya Wasomaji: Muuguzi wa Zoni na Sera za Afya Duniani

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Mimi ni muuguzi wa ngazi ya A1, yaani mwenye diploma ya chuo cha juu, hapa Bukavu. Nilikuwa mkuu wa kituo cha afya, yaani titileri kama tunavyosema huku, na sasa ni msimamizi katika ofisi ya zoni ya afya, yaani eneo moja lenye vituo vyake vya afya. Mwenzangu amenieleza kwamba Baraza la Kimataifa la Wauguzi lina mafunzo ya uongozi kwa wauguzi waandamizi wanaotaka kushiriki katika sera za afya duniani. Nimeshahudhuria semina nyingi, na kila mara nimerudi na cheti na daftari, lakini kazini hakuna kilichobadilika. Mafunzo haya yana tofauti gani? Tena, mimi ninayezungukia vituo kumi na viwili tu, na ambaye Kiingereza nakisoma kwa shida, kweli yananihusu? – Msimamizi, Kadutu

JIBU: Mama Msimamizi, uchovu wako wa semina ninauelewa, na una haki nao. Semina nyingi zinazoletwa kwetu hufuata mradi: namna ya kujaza fomu mpya, namna ya kuhesabu dawa za ugonjwa fulani, mradi ukifungwa, na ujuzi wake hufungwa nao. Mafunzo unayoyaulizia yana shabaha nyingine. Baraza hilo, ambalo liliundwa mwaka 1899, lina makao yake Geneva na linaunganisha vyama vya wauguzi vya nchi zaidi ya 130, lilikuwa tangu miaka ya 1990 na programu ya kuwafundisha wauguzi kuongoza huduma zao. Mwaka 2009 likaanzisha mafunzo ya pekee kwa wale ambao tayari wana nafasi za juu, na humo mtu hafundishwi tena kupanga zamu wala kusuluhisha ugomvi wa wodini, bali hujifunza jinsi uamuzi wa serikali unavyozaliwa: nani huuandika, nani huutafutia fedha, nani anaweza kuukwamisha, na muuguzi aingie wapi kabla haujatiwa sahihi.

Haja ya mafunzo ya namna hiyo inaonekana katika hesabu zenyewe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inataja wauguzi milioni 29.8 duniani, na upungufu wa milioni 5.8 kwa mwaka 2023. Ripoti iliyotangulia, ya mwaka 2020, ilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya wauguzi ni wanawake, ilhali nafasi nyingi za juu katika sekta ya afya zilishikwa na wanaume. Maana yake ni kwamba watu wanaokesha na wagonjwa ndio wachache zaidi katika vyumba ambamo dawa, mishahara na vituo vipya huamuliwa, na mimi sioni kama hilo ni jambo la kuvumilia. Mwongozo wa kimataifa wa uuguzi na ukunga uliopitishwa Geneva mwaka 2021 umeutaja uongozi kuwa mojawapo ya nguzo zake nne, pamoja na elimu, ajira na utoaji wa huduma. Wala usidhani viti hivyo vimetengewa nchi kubwa: Muuguzi Mkuu wa kwanza kuteuliwa na Dkt. Tedros, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, alikuwa Elizabeth Iro wa Visiwa vya Cook, na aliyemfuata, Amelia Tuipulotu, aliwahi kuwa Waziri wa Afya wa Tonga.

Sasa nije kwenye neno lako la "vituo kumi na viwili tu". Hilo "tu" liondoe. Chukua mpango wa kuzaa bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa mwezi Septemba 2023. Ni uamuzi mwema, na kila aliyewahi kumwona mama akizuiliwa hospitalini na mtoto wake mchanga kwa sababu ya deni anaushukuru. Lakini katika vituo vyetu, fedha za mama aliyejifungua ndizo zilizonunua glavu, mafuta ya jenereta na hata primu, yaani posho, ya muuguzi aliyempokea usiku. Kituo kinapotoa huduma kwanza na kungoja kulipwa baadaye, nani anayejua kwamba kwa siku thelathini za kungoja glavu zimekwisha? Anayejua ni titileri, na baada yake ni wewe, kwa sababu ripoti za kila mwezi hupitia mkononi mwako. Daktari mkuu wa zoni huona jumla, mkoa huona jumla ya jumla, na wizara huona mstari mmoja katika jedwali. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuonyesha kwamba vituo vinne kati ya kumi na viwili vilikosa kifaa hiki kwa wiki hizi, na kwamba akina mama wakaanza kuambiwa walete chao kutoka sokoni.

Au fikiria mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele. Aina mpya ya virusi vyake iligunduliwa katika wagonjwa wa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika mkoa wetu huu, ambako ugonjwa ulianza kuonekana mwezi Septemba 2023. Dharura ya kimataifa ilitangazwa tarehe 14 Agosti 2024, na shehena ya kwanza ya chanjo ikatua Kinshasa mwezi uliofuata. Karibu mwaka mzima ulipita kati ya mgonjwa na tangazo. Sisemi kwamba muuguzi mmoja angeukata mwaka huo kwa kalamu yake. Nasema kwamba njia kati ya chumba cha kutengea wagonjwa na meza ya Geneva ina vituo vyake, kila kituo kina mtu, na mafunzo haya humfundisha muuguzi kuwafahamu watu hao na kuwaandikia kwa lugha wanayoifanyia kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: omba nafasi, lakini usiombe ukiwa mikono mitupu. Kabla ya kujaza fomu yoyote, andika ukurasa mmoja. Taja tatizo moja uliloliona katika rejista zako, si matatizo saba. Ni uamuzi gani unaolisababisha au ungeliondoa. Nani ana mamlaka ya kuutoa uamuzi huo. Na unamwomba afanye nini, kwa gharama gani. Ukishindwa kumtaja mtu wa kutia sahihi, rudi kwenye rejista, suala lako bado ni malalamiko. Mwenye ukurasa huo hupata faida ya mafunzo hata kabla hajaondoka Bukavu.

Kuhusu lugha nitakuwa mkweli: mafunzo hayo ya Baraza huendeshwa kwa Kiingereza, na si Kiingereza cha salamu. Anza kujifunza sasa, jioni kwa jioni, kwa kusoma maazimio ya Shirika la Afya Duniani kwa Kifaransa na Kiingereza sambamba, maana yanatolewa kwa lugha zote mbili na msamiati wake hujirudia. Wakati huohuo usingoje. Kuna mtandao wa wauguzi wa nchi zinazotumia Kifaransa, SIDIIEF, ulioanzishwa mwaka 2000 na wenye makao yake Montréal, na ofisi ya Shirika la Afya Duniani kwa kanda yetu, iliyoko Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, hufanya kazi pia kwa Kifaransa.

SWALI: Daktari ninayefanya naye kazi husema sera ni kazi ya madaktari, muuguzi atekeleze. Nimjibu nini? – Muuguzi, Goma

JIBU: Ndugu yangu, usimjibu kwa mabishano. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, niliombwa nitoke katika kikao cha kupanga bajeti ya hospitali kwa sababu "sehemu ya uuguzi imekwisha", na nilipobishana nilipoteza kikao na nikapoteza na rafiki. Mwaka uliofuata nilileta karatasi mbili zenye hesabu za wagonjwa kwa kila muuguzi wa zamu ya usiku, nikampa daktari mwenyewe siku tatu kabla, naye ndiye aliyezisoma mbele ya wote. Sheria ya mwaka 2016 imetupatia Ordre yetu ya wauguzi kitaifa, yaani chombo rasmi cha taaluma yetu, na itumie inapobidi. Lakini katika zoni, mlango wa kwanza ni mpango wa kazi wa mwaka. Uliza mapema kikao cha kuuandaa kitafanyika lini, na karatasi zako zitangulie kufika kabla yako.