Wasomaji Wanauliza: Shoti Yangu Ina Kasoro Gani?

Mhariri, tuko vijana watano hapa Jinja na kila Jumamosi tunaangaliana kazi za animesheni. Maoni ni yale yale: "iko safi" au "haina uhai." Mtu anarudi nyumbani asijue aguse nini. Tufanyeje?

"Haina uhai" ni malalamiko tu. Maoni ya kufanyia kazi hutaja fremu (picha moja moja zinazounda video), hutaja kilichoonekana, kisha husema kinaharibu nini katika lile analolitaka mhusika. Kwa mfano: "Fremu 34 hadi 46, mikono yote miwili ya mama muuza ndizi inapanda na kushuka pamoja. Alikuwa anakataa bei, sasa anaonekana anacheza ngoma. Mkono wa kulia utangulie fremu 3, wa kushoto ubaki kwanza kwenye kikapu." Hapo mwenye shoti (kipande kimoja cha video kisichokatwa) anajua pa kuanzia. Namba ya fremu lazima ionekane kwenye video yenyewe. Blender, programu ya kutengenezea animesheni, inaweza kuiandika juu ya picha, kwenye mipangilio ya kutolea video, sehemu ya metadata.

Kikao chenyewe kiendesheni hivi. Chezeni shoti mara mbili bila sauti, na mwenye kazi asifungue mdomo. Kila mtu aandike sentensi moja: mhusika anataka nini? Someni zote kwa sauti. Ikiwa watatu kati ya wanne wameandika mambo tofauti, msihangaike na vidole wala kope, kwa sababu wazo au mpangilio wa shoti haujafika. Baada ya hapo chezeni kwa sauti, halafu fremu kwa fremu. Anzeni na wazo, kisha kamera na mahali waliposimama wahusika, kisha pozi, kisha kasi. Kulainisha grafu, yaani mistari ya mwendo kwenye programu, kuje mwisho kabisa. Anayekosoa grafu wakati kazi bado iko kwenye blokingi (hatua ya kupanga pozi kuu tu) anapoteza muda wa wote, kwani pozi hiyo huenda ikafutwa kesho.

Na "iko safi" nayo itajiwe fremu. Mtu asipojua kipi kimefaulu, atakivunja akirekebisha kingine.

Shoti yangu: binti anapiga magoti kumsalimia bibi aliyeketi mkekani. Wenzangu wanasema "haisomeki," lakini pozi nimeiga kutoka video niliyopiga nyumbani. Msomaji, Masaka.

Pozi inaweza kuwa sahihi na bado isionekane. Kama kamera iko mbele ya binti, mapaja yanaelekea kwetu na kufupika, magoti yanafunika miguu, mikono iliyokutana inazama ndani ya kifua. Kinachobaki ni donge lenye kichwa.

Jipime hivi: kwenye Blender, fungua mipangilio ya mwonekano wa dirisha la kazi, chagua mwanga bapa, rangi moja nyeusi, na usuli mweupe. Mpe mtu asiyeijua shoti aangalie kivuli hicho kwa sekunde moja. Asipotambua kwamba huyo amepiga magoti, sogeza kamera hadi umwone binti kwa ubavu au robotatu (kati ya mbele na ubavu), ili mstari wa goti, mgongo na shingo ujitokeze. Acha mwanya wa hewa kati ya viwiko na kiwiliwili. Kamera ishuke karibu na usawa wa macho ya binti, maana ikiwa juu sana anadidimia mkekani na heshima yote inageuka unyonge. Usisogeze kamera peke yake, lakini: video ya nyumbani ilipigwa kutoka upande mmoja, kwa hiyo pozi yenyewe itahitaji kupindishwa kidogo ili ifae upande mpya.

Kosa la pili linaloambatana na hili ni bibi kuanza kunyoosha mkono binti akiwa bado anashuka. Jicho la mtazamaji haliwezi kufuata yote mawili. Binti afike chini, atulie fremu 8 hadi 12 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, ndipo bibi aanze, macho yakitangulia kichwa.

Mhusika wangu anaulizwa na bodaboda, "Tunaenda Ntinda?" Anajibu kwa kuinua nyusi. Mkaguzi aliye nje ya nchi ameandika: "Kwa nini ameshangaa?" Niondoe? Msomaji, Kampala.

Usiondoe. Hapa kwetu Uganda ile ni "ndiyo" kamili. Ila kabla ya kumlaumu mgeni, tazama kope za juu. Zikipanda pamoja na nyusi, umeanimeti mshangao kweli, na hata mtu wa Wandegeya, hapo hapo Kampala, angeuliza vilevile. "Ndiyo" ya nyusi ni ya haraka: zipande kwa fremu 3, zikae 2 au 3, zishuke kwa 4 au 5. Kope zibaki zilipo, mdomo umefumba, kidevu kiinuke kidogo sana. Mshangao hukaa juu, na pumzi huingia.

Kisha mpangilio umsaidie asiyezoea: dereva akiona nyusi, aipige kiki pikipiki na abiria apande papo hapo. Tendo linalofuata linathibitisha jibu. Kwa mkaguzi mjibu kwa ufupi: "Nilikusudia kukubali. Ni fremu ipi iliyokuonyesha mshangao?" Usimwandikie aya tatu za utamaduni, aliyekodolea macho skrini ana haki ya kusema alichokiona.

Wakaguzi wawili wananipa dawa mbili zinazopingana. Nimfuate nani? Msomaji, Mbale.

Kama kazi ina mwongozaji, neno lake ndilo la mwisho. Kama hakuna, angalia kama wote wawili wamegusa fremu zile zile. Wakigusa pale pale, ugonjwa upo. Dawa zao si lazima uzinywe. Mara nyingi chanzo kiko nyuma kidogo: wanalalamikia ngumi ya fremu 60 kumbe mwili haukujivuta nyuma kabla yake, kwenye fremu ya 50 hivi. Hifadhi nakala ya faili, jaribu zote mbili kwa pozi tu, bila kulainisha, uzilinganishe.

Na ukiwatumia kwa WhatsApp, tuma video kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida inabanwa, na kupepesa kope kwa fremu 2 kunaweza kupotea.