Kamba mawe Shela mwezi wa Juni

Dada, umeuliza kama mtapata kamba mawe (lobster) mkija Shela, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, mwezi wa Juni: usiyategemee sana hayo mambo. Ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini: bahari ya nje ya miamba inachafuka, maji yanajaa tope na wapiga mbizi wanaowavua hawaoni kitu, kwa hiyo hata jikoni kwenye hoteli nzuri utaambiwa hakuna. Naishi hapa Lamu, kila kusi ni hivyo hivyo. Ukiletewa, uliza kama ametoka kwenye friza.

Halafu hoteli kadhaa za Shela hufungwa Mei na Juni, basi piga simu kabla ya kulipia chochote.

Usivunjike moyo lakini. Kaa wa mikokoni wapo, na samaki wa kupaka nakusihi usimkose: agiza asubuhi, maana nazi inakunwa siku hiyo hiyo, na tui zito lenye ukwaju hupakwa kidogo kidogo samaki akiwa juu ya makaa mpaka lishikane na kukauka ukingoni. Kwa kamba mawe wa kutoka baharini moja kwa moja, njooni kati ya Desemba na Machi, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma.