Ahirisha hiyo Ijumaa (jibu kuhusu PHQ-9 kwa wauguzi wanaoumwa na kiuno)

Dada, usizigawe hizo fomu Ijumaa. Umesema una wauguzi 14 wodini hapo Lamu, tisa kati yao wanaumwa na kiuno miezi sasa. Unataka kuwapima sonona kwa PHQ-9, ile fomu ya maswali tisa yenye alama 0 mpaka 3 kila moja, kwenye kikao cha asubuhi, jina na namba ya kazi juu, uzikusanye mwenyewe, kisha wa alama 10 kwenda juu uwaandikie rufaa. Nia yako njema, ila njia hiyo nimeipita na najua inakoishia: bahasha kwenye droo, Ijumaa mpaka Jumatatu, na ndani yake fomu moja iliyotiwa alama kwenye swali la 9.

Swali la 9 linauliza kama, kwa wiki mbili zilizopita, mtu amewaza kwamba afadhali afe, au ajidhuru. Fomu ile jumla yake ilikuwa 7: usingizi 3, uchovu 3, swali la 9 alama 1. Aliyetufundisha alisema tujumlishe, chini ya 10 iende faili. Siku nzima ya mafunzo, hakutaja hata mara moja kwamba swali la 9 linasomwa peke yake, jumla iwe 7 au 27. Mpaka leo sijamsamehe. Mwenzetu tulimkuta salama, lakini utaratibu wetu haukuwa na mkono katika hilo.

Kwa hiyo shika hili kabla ya jingine lolote: fomu haitoki mkononi mwako mpaka awepo mtu wa kuisoma papo hapo, aliyeijaza akiwa bado kwenye kiti, na msomaji huyo asiwe mkubwa wake wa kazi. Wewe ndiye unayepanga zamu na kuandika ripoti za utendaji; huwezi kuwa wewe. Tafuta muuguzi wa afya ya akili au afisa kliniki wa kituo kingine, hata kama itabidi avuke kutoka Mokowe, upande wa bara. Aingize mtu mmoja mmoja, baada ya zamu, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Fomu iwe na namba ya siri badala ya jina, maana mji huu habari ikitoka hospitali saa nne, adhuhuri iko barazani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Wewe uambiwe tu kwamba fulani apewe kazi nyepesi, basi.

Msomaji aanze na swali la 9, kisha la 1 na la 2, jumla iwe ya mwisho. Swali la 9 likiwa na chochote zaidi ya 0, aulize waziwazi: unawaza kufa, au unawaza kujiua? Umeshafikiria kwa njia gani? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Na asisahau swali la watu wa kazi yetu: ufunguo wa kabati la dawa unao wewe? Akiwa na mpango, asiachwe peke yake na aonwe siku hiyo hiyo. Anayeogopa polisi aambiwe kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Maneno pia yana mtego. Kwa Mwislamu, kukata tamaa na rehema ya Mungu ni jambo zito, na wengi wataandika 0 kwa sababu ya neno hilo tu. Muulize kwa mdomo: kuna siku unaona afadhali usiamke? Hapo ndipo utasikia, "Natamani Mungu anichukue nipumzike." Hayo yasipite kama dua ya kawaida, yafuatilie.

Ukiona sifuri tisa zimeshuka mstari mmoja, kwa mtu anayeinuka kitini kwa kushika meza, usimwandike mzima. Mara nyingi hiyo ni hofu.

Upande wa pili, kiuno chenyewe kinapandisha alama. Usingizi, uchovu, umakini, kwenda polepole: vyote vinaweza kutoka kwenye maumivu na zamu za usiku. Mtu anaweza kufika 10 bila sonona. Ndiyo maana la 1 na la 2, kukosa raha na moyo mzito, yana uzito. Yakifika 3 kwa pamoja, mazungumzo marefu yafuate. Kuhusu usingizi, uliza usiku wa mapumziko: anaamshwa na kiuno akigeuka, au anazinduka saa tisa bila maumivu na mawazo yanamwandama?

Kabla ya fomu, uliza ganzi ya sehemu za siri, mkojo kugoma, miguu kulegea. Mojawapo ikiwepo, hiyo ni dharura ya kukimbizwa leo, haingoji boti ya kesho.

Halafu dawa ya amitriptilini. Usikubali mtu aambiwe kwamba kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku "kinatibu vyote viwili", kiuno na sonona. Dozi hiyo ni ya maumivu na usingizi. Ya sonona kwa kawaida hufika 75 mpaka 150. Ikizidishwa inavuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye alama kwenye swali la 9 asipewe ya mwezi mzima mkononi. Anayetumia tramadoli, dawa ya maumivu, naye asiongezewe fluoksetini, dawa ya sonona, kabla daktari hajaziona zote mbili kwa pamoja, kwani zikikutana zinaweza kuleta degedege.

Ukishampata msomaji, andika hapa ni siku gani atakuja, na uwaambie wodini kwamba Ijumaa hakuna fomu.